Papa Magloire Achagua Kwadi

Siku Papa Magloire alipoiona kwadi kwa mara ya kwanza, alikuwa amejificha nyuma ya mitungi miwili ya maziwa sokoni Masisi, na mitungi yenyewe ilikuwa imeficha magoti yake tu. Mwili wake uliobaki, kilo mia moja na arobaini na kitu, ulikuwa wazi mbele ya walimwengu. Mama aliyekuwa anauza jibini kando yake alimtazama kwa huruma.

"Papa, kuna kintu ulipoteza?"

"Kivuli," akajibu Magloire. "Ninatafuta kivuli."

Kilichomchuchumaza pale kilikuwa kofia. Aliiona kofia pana ya mfugaji ikipita katikati ya watu, na Nzabandora wa Karuba alikuwa na kofia kama ile. Miezi miwili nyuma Magloire alimuuzia Nzabandora ng'ombe mzuri wa madoa. Asubuhi ileile alikuwa amekwisha kumuuza ng'ombe huyohuyo kwa mtu mwingine, na mchana akamuuza kwa wa tatu. Ng'ombe mwenyewe, tuseme ukweli, alikuwa wa padri.

Kofia ikapita, ikawa ya mtu mwingine kabisa. Lakini Magloire hakusimama. Kusimama kulikuwa kazi, na tena alikuwa anafikiri.

Unene ule ndio uliokuwa mtaji wake. Katika miaka ile, vita vya tatu au vya nne, watu walikuwa wameacha kuhesabu, kila kitu Masisi kilikuwa kimekonda: watu, mbuzi, hata mahindi. Mtu mwenye tumbo la mviringo na mashavu yanayong'aa aliaminika kabla hajafungua kinywa. Watu walijiambia: huyu anakula, basi ana kazi, ana kazi, basi ana ofisi mahali, ana ofisi, basi tumsikilize. Wakishamsikiliza, wamekwisha. Lakini tumbo lina ubaya wake. Mjanja mwembamba, mambo yakiharibika, huingia katika shamba la maharagwe akapotea. Magloire akiingia katika shamba la maharagwe, linalopotea ni shamba.

Na pikipiki? Motari wa Masisi, vijana wa teksi za pikipiki, wakimwona anakuja, wote kwa pamoja waliinama kutengeneza minyororo ambayo haikuwa na kasoro. Shujaa mmoja aliyewahi kumpeleka Burungu alirudi na gurudumu la nyuma lenye umbo la yai. Tangu siku hiyo jibu lao lilikuwa moja: "Papa, weye hauko abiria. Uko mizigo ya kamyo."

Kwa hiyo, alipokuwa bado amechuchumaa akiwaza jinsi gani mtu wa uzito wake anaweza kukimbia nchi, akasikia mngurumo. Katika mwinuko wa matope kando ya soko, ambako malori yalilala siku tatu, kilikuwa kinapanda chombo chenye magurudumu manne manene kama vyungu. Juu yake alikaa Athanase, fundi wa mfanyabiashara Mama Kavugho. Gunia dogo la maharagwe lilikuwa mbele yake, mawili nyuma, naye anaendesha kwa mkono mmoja, kwa mwingine anakula ndizi. Chombo hakikulalamika.

"Ile njo nini?" Magloire akauliza kwa sauti ndogo.

"Kwadi," akasema mama wa jibini. "Bale batu ya musaada balifunga ofisi yabo juu ya vita, Mama Kavugho akanunua kwadi zabo zote tatu."

Moyo wa Magloire, ambao kwa kawaida ulipiga haraka kwa sababu ya ngazi, ukapiga haraka kwa sababu ya mapenzi. Kununua hakukumjia kichwani hata kidogo. Kununua ni kwa watu wasio na kipaji.

Kesho yake asubuhi alivaa koti lake la pekee, akatoa muhuri aliouchonga mwenyewe kutoka soli ya kandambili, akapiga karatasi mihuri minne, maana mmoja hutia shaka, akaingia katika depo ya bidhaa ya Mama Kavugho kama mtu aliyechelewa kwenye mkutano wa mawaziri.

Mama Kavugho alikuwa mwanamke mdogo na mwembamba, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, rozari mkononi, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama, jambo. Mimi ni Inspekta Magloire, wa PRUWAZI."

"PRUWAZI njo nini?"

"Programu ya Usafiri wa Watumishi Wazito." Alilisema taratibu, kwa masikitiko. "Mama, Leta, serikali yetu, iko na watumishi wengi wazito. Pikipiki zinakufa chini yao. Tunataka kununua kwadi kumi, pengine ishirini. Lakini kwanza kila chombo kinapimwa na mtu wa uzito kamili." Akajigonga tumboni kwa unyenyekevu. "Mtu huyo njo mimi."

Mama Kavugho aliisoma karatasi yote, na mihuri yote minne. Kisha alimtazama Magloire juu ya miwani, polepole, kama mtu anayepima kitambaa.

"Kupima ni kazi mingi," akasema. "Pole, Papa Inspekta. Athanase! Leta zote tatu."

Mpango wa Magloire ulikuwa mwepesi, pengine kitu pekee chepesi alichokuwa nacho. Atajaribu, atachagua, ataomba kuzunguka kidogo barabarani, na mzunguko ule hautakuwa na mwisho. Ila ilibidi achague vizuri. Mwizi wa kwadi hana siku ya kurudisha dukani.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, nzuri kama kiatu cha arusi. Magloire alikaa. Magurudumu yalipanuka pande zote kama chapati, na chini ya tako lake kitu kikasema "ii" kisha kikanyamaza kabisa. Athanase akainua kiti, baada ya mwenye kiti kusaidiwa kuinuka, akamwonyesha kibati kidogo.

"Hapa banaandika kilo makumi kenda, Papa. Na ile kilo ni ya muntu na muzigo wake pamoja. Bantu mingi banasahau. Banahesabu tumbo, hawahesabu gunia."

"Najua," alisema Magloire, ambaye hakujua. Akaandika kwenye daftari: *Nyekundu, hapana. Inatukana watumishi.*

Ya pili ilikuwa ya bluu, imelala chini kama chui, haina hata pahali pa kuweka mzigo. Juu ya hii alimwona mtu mwingine ndani ya akili yake: Magloire mwembamba, miwani ya jua, upepo. Akaipeleka kwenye kilima kidogo nyuma ya depo. Alipobonyeza mafuta, uzito wake wote ukabaki nyuma na sehemu ya mbele ya kwadi ikaenda mbinguni. Kwa dakika moja alikaa kama mfalme anayetazama nyota, kisha Athanase akashika mbele akairudisha dunia mahali pake.

"Hii ni ya kukimbia mashindano," akasema fundi. "Springi zake ni laini. Muntu munene akipanda nayo mulima, inamupindua, inamulalia. Tena gia ni ya muguu. Mu matope utachoka."

"Lakini rangi yake..." Magloire akanong'ona.

"Papa Inspekta," alisema Mama Kavugho kutoka mlangoni, "chombo si kitambaa. Hauchague ile inakupendeza. Unachagua ile inakukubali."

Ya tatu ndiyo ile ya magunia. Kijani cha matope, mbaya kama kiboko, chuma cha kubebea mizigo mbele na nyuma, haina gia za kukanyaga, magurudumu yote manne yanavuta. Kibati kilisema kilo mia mbili na arobaini. Magloire alipanda juu yake akingojea ule mlio wa "ii" unaomfuata maishani. Haukuja. Kwadi ilishuka kidogo, ikapumua, ikatulia, kama ng'ombe mkubwa anayekubali kukamuliwa. Alikuwa hajawahi kuketi juu ya kitu ambacho hakikumlaumu. Nusura alie, jambo ambalo halikuwa katika mpango.

"Hii," alisema. "Hii inastahili kupimwa barabarani."

"Vizuri," alisema Mama Kavugho. "Lakini karatasi yako inaandika 'mtumishi na vifaa vyake.' Mutumishi ninamuona. Vifaa biko wapi?"

Magloire alikuwa ameandika maneno yale kwa ajili ya uzuri tu.

"Athanase ataweka sanduku ya chuma na muchanga," akaendelea mama. "Kilo makumi munane. Tutaifunga na bulo za chuma, na kufuli, muntu asipunguze muchanga mu njia. Siye bafanyabiashara hatupende udanganyifu."

"Hata mimi siupendi," alisema Magloire kwa dhati ya mtu wa kazi.

Sanduku likafungwa nyuma. Athanase akamfundisha: akipanda mlima, tumbo mbele juu ya usukani, akishuka, tako nyuma kabisa na mafuta aachie, chombo kijizuie chenyewe, breki aishike pole, asiikamate kama shingo ya kuku. Magloire aliona kwamba kwa mara ya kwanza mtu anampa kazi tumbo lake.

"Saa ya kupima mafuta iliharibika," akasema Athanase. "Lakini niliweka ya kutosha."

"Usiende tu upande wa Sake," akaongeza Mama Kavugho akifuta miwani. "Kule chini kuna papa moja wa Karuba, Nzabandora, na bandugu yake. Tangu asubuhi banauliza muntu munene. Batakusumbua bure, Papa Inspekta, juu ya kufanana."

Magloire akageuza usukani upande wa pili. "Basi nitapimia upande wa Walikale," akasema.

"Kule kuko milima mizuri," alisema mama. "Mungu akulinde."

Akaondoka polepole mpaka kona. Baada ya kona hakuondoka polepole tena.

Lo, furaha ile! Milima ya kijani ilikuwa inapita, ng'ombe wakimtazama, watoto wakipiga kelele, na yeye anacheka peke yake kama mtu aliyepata salamu kutoka kwa marehemu. Amemwibia mfanyabiashara wa Butembo! Watu wale ambao, wanasema, hata wakilala jicho moja linahesabu. Kitu kimoja tu kilimuudhi: lile sanduku. Kilo themanini za mchanga, mchanga!, mali ambayo hata barabara haina haja nayo. Alisimama nje ya Nyabiondo, akavuta kufuli, akapiga bulo kwa jiwe, akaumia kidole. Sanduku halikutikisika. Akaendelea, mwizi mzima, anasafirisha mchanga bure.

Kisha ikaja bariere ya kwanza. Kamba juu ya miti miwili, vijana watatu wenye bunduki, na mkubwa wao mwenye bukta na fulana ya mpira.

"Simama! Unabeba nini?"

Hapa Magloire, kwa ustadi wa miaka ishirini, angeweza kusema maiti, barua ya askofu, nyoka. Lakini kidole kilikuwa kinauma na hasira ilikuwa imempanda.

"Mchanga!"

"Nini?"

"Mchanga! Ninabeba mchanga! Kilo makumi munane ya mchanga! Umewahi kuona ujinga kama huu? Mutu mzima, na koti, anazunguka na mchanga kwa milima!"

Mkubwa akamtazama. Katika kazi yake alikuwa amesikia kila uongo ambao barabara inaweza kuzaa, lakini hakuwahi kumwona mtu anayechukizwa na mzigo wake namna ile. Akaingiza ncha ya kisu chini ya kifuniko. Mchanga ukachuruzika.

"Ni muchanga kweli," akasema, karibu kwa huzuni.

Ndipo Magloire akakumbuka kwamba yeye ni inspekta. Akawaeleza PRUWAZI. Akawaambia kila bariere itakayosaidia jaribio itapata kwadi moja ya bluu, wiki ijayo, na akawaandikia hati yenye muhuri wa kandambili. Kamba ikashushwa kwa saluti.

Bariere zilikuwa saba, na kila moja ilikuwa ya watu wengine, wanaochukiana na waliotangulia. Zote aliziambia mchanga, na zote akaziahidi kwadi ya bluu. Kwenye ya tano walimpa maziwa. Kwenye ya sita mzee mmoja mwenye mkuki alimuuliza kama programu inachukua hata watu wembamba. Kwenye ya saba, mkubwa alimkumbatia, mikono haikufika nyuma, akasema, "Papa, tangu vita vilianza, weye njo muntu wa kwanza kupita hapa na kusema kweli."

Neno lile lilimkaa Magloire vibaya kifuani kwa kilomita nzima.

Mbele kidogo ya Kibua, katika mteremko, kwadi ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Mafuta yalikuwa yamekwisha. Ikateremka yenyewe, polepole, Magloire ameweka tako nyuma kama alivyofundishwa, ikapita migomba, ikapita kanisa dogo, ikasimama yenyewe kwenye tambarare mbele ya nyumba ndefu ya mbao. Watu kama ishirini walikuwa wamesimama pale. Walipiga makofi.

Mbele yao alikuwa mwanamke aliyevaa koti jeupe la muuguzi, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Magloire alihisi mambo yameharibika kabla hajajua kwa namna gani.

"Karibu, Papa Magloire," akasema. "Miye ni Kasoki. Kavugho ni dada yangu mukubwa."

Akatoa ufunguo uliokuwa shingoni, akafungua kufuli. Akafunua mfuko wa mchanga uliokuwa umetandazwa juu, mwembamba kama godoro la maskini. Chini yake kulikuwa na maboksi. Serum za dripu. Kinini. Glavu, nyuzi za kushonea, sindano katika karatasi zake. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alianza kuimba wimbo wa kanisani, na wengine wakaupokea.

Magloire alibaki juu ya kwadi, akihesabu maboksi kwa macho.

"Mara tatu tulituma dawa," Kasoki akamweleza, akitoa maboksi moja moja. "Mara tatu balichukua kwa bariere. Motari anasema 'ni maharagwe', lakini sura inasema ni dawa. Kavugho akasema, tutapata muntu hajue kintu anabeba. Halafu weye ukaingia kwa depo."

"Alinijua?"

"Ile ng'ombe ya madoa, muntu wa kwanza kuinunua alikuwa shemeji yetu Jacques."

"Na Nzabandora? Aliye njia ya Sake?"

"Nzabandora iko Karuba, mugongo inamuuma. Haijafika Masisi tangu Noeli. Kavugho aliniambia yote leo asubuhi kwa fonia, ile redio ya parokia. Alisema: saa kumi atafika, Athanase alipima mafuta kwa kikombe."

Magloire alifunga macho. Miaka ishirini. Alikuwa ameuza ng'ombe wa padri mara tatu, alikuwa ameuza viza za nchi ambazo hazikuwa na jina, na sasa mwanamke mwenye uzi kwenye miwani amempa chombo, mzigo, njia, hata uongo wa kusema, na uongo wenyewe aliusema akidhani ni ukweli. Kitu kama kicheko kilianza chini kabisa ya tumbo lake, na kwa kuwa tumbo lilikuwa kubwa, kilichukua muda kufika mdomoni. Kilipofika, alicheka mpaka kwadi ikatikisika.

"Sasa nirudi vipi?" akauliza alipoweza.

"Kurudi?" Kasoki naye alikuwa anafuta machozi. "Papa, uliahidi bariere ngapi kwadi ya bluu?"

Magloire aligeuka. Alitazama barabara aliyotoka, na akaona, kama picha, bariere saba, wiki ijayo, zikimngoja na hati zao.

Walimpa ugali na sombe ya majani ya muhogo, akala kama mtu anayeomba msamaha. Alilala juu ya benchi ya wagonjwa, ambayo ilisema "ii".

Asubuhi Kasoki alimwamsha. Kulikuwa na mama, Drocella, wa kijiji cha juu, uchungu wa uzazi umemshika tangu jana na mtoto amelala vibaya tumboni. Wenye kubeba machela walikuwa wamekimbilia msituni kwa sababu ya risasi zilizosikika upande wa pili.

"Athanase njo anajua kuendesha hii, na iko Masisi," akasema Kasoki. "Miye nikikaa juu yake inanitupa. Inataka muntu muzito mbele, ya kuizuia mu muteremko. Mafuta ninayo. Nitakupa ya kwenda na ya kurudi, kwa kikombe."

"Na nikikimbia?"

"Kimbia. Kikombe kitakufikisha mahali fulani."

Magloire alitazama kwadi. Akapanda. Haikumlaumu.

Mlima ulikuwa mkali kama ukuta, na aliuparamia tumbo juu ya usukani, matope yakimrukia hadi kwenye meno, Kasoki akikimbia kando. Juu walimkalisha Drocella kwenye chuma cha nyuma, juu ya godoro na blanketi, wakamfunga kwa vitenge viwili, mgongo wake ukiegemea mgongo wa Magloire. Njia ya kushuka ilikuwa imegeuka kuwa kijito cha udongo mwekundu. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, isipokuwa vilele vya miti, chini sana.

Akarudisha tako nyuma, akaachia mafuta. Chombo kikaanza kuteleza, kikajishika. Mgongoni mwake alisikia mwanamke yule akipumua kwa meno.

"Papa," akauliza Drocella, sauti imebanwa, "weye njo dereva ya sentre ya afya?"

Majibu yalimjia kwa wingi, mazuri yote: inspekta, injinia, dokta kutoka Kinshasa. Alifungua kinywa, tope likaingia, akalitema.

"Hapana, mama. Miye ni muizi. Lakini breki ninashika vizuri."

Kisha akasikia mgongo ule ukitikisika dhidi ya wake, na hakujua kama ni uchungu au ni kicheko.

"Basi shika," akasema Drocella.